Mmemsahau Evelyn Preer

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo moja katika makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu waigizaji wa kike wa sinema bubu. Mwandishi aliwasifu Mary Pickford na Lillian Gish, nao wanastahili sifa hizo. Lakini aliposema kwamba enzi zile mwanamke mweusi hakuigiza chochote isipokuwa mtumishi wa ndani, alimfuta Evelyn Preer.

Preer alizaliwa mwaka 1896 huko Vicksburg, Mississippi, akakulia Chicago. Mwaka 1919 Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi aliyekuwa akitengeneza filamu yake ya kwanza, alimchukua katika The Homesteader, kisha akamfanya mhusika mkuu wa Within Our Gates ya mwaka 1920. Humo yeye ni Sylvia Landry, mwalimu anayesafiri kutoka kusini kwenda kaskazini kutafuta dola 5,000 ili shule ya watoto weusi isifungwe. Mimi ni mwalimu hapa Ilemela, na mwaka jana niliwaonyesha wanafunzi wa klabu ya maigizo filamu hiyo, nikiwasomea kwa Kiswahili maandishi yanayotokea kwenye skrini badala ya sauti, kama wafanyavyo watafsiri wa vibanda umiza vya huku kwetu. Nilidhani watachoka kwa kukosa sauti. Walipoona wazazi walezi wa Sylvia wakinyongwa na kundi la wazungu, hakuna aliyekohoa. Na filamu ilipokwisha, msichana mmoja, binti wa mvuvi, aliomba nirudishe nyuma ili atazame tena jinsi Preer anavyosema kwa macho na mikono yale ambayo maandishi hayakuyasema.

Tuliiona kwa bahati tu. Kwa miongo mingi filamu hiyo ilihesabiwa kuwa imepotea, hadi mkanda mmoja ulipopatikana Hispania, ukiitwa La Negra, na maandishi yake yakiwa ya Kihispania, ikabidi yarudishwe katika Kiingereza kabla Maktaba ya Bunge la Marekani haijaikamilisha upya mwaka 1993. The Homesteader haijapatikana mpaka leo.

Jukwaani ndiko kulikobaki na kidogo zaidi, ingawa ndiko alikofanya kazi kubwa. Alikuwa miongoni mwa waigizaji wa kundi la Lafayette Players, lililoanzishwa na mwanamke mweusi, Anita Bush. Mwaka 1923 aliigiza katika tamthilia ya Salome huko Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya maigizo jijini New York, na mwaka 1926 akarudi huko katika tamthilia ya Lulu Belle. Sauti aliyoitumia usiku ule wa Salome hatutaisikia kamwe, na hilo linaniuma. Alifariki Novemba 1932 kwa nimonia, akiwa na miaka 36, miezi michache tu baada ya kujifungua binti yake.

Ninaomba basi mchapishe masahihisho pamoja na picha yake, katika ukurasa uleule na kwa ukubwa uleule mliowapa wenzake. Wanafunzi wangu wameshaiachia nafasi kwenye ubao wa matangazo wa klabu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa maigizo,
Ilemela, Mwanza