Vijiwe vya anga havisomwi kwa darubini pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nizungumzie jambo ambalo habari za sayansi ya anga huliruka. Mara nyingi huandikwa kwamba chombo fulani "kimeona" madini kwenye sayari au asteroidi (mwamba mdogo unaolizunguka Jua), ilhali chombo hupokea mwanga tu. Madini hutambuliwa baadaye, mwanga huo unapolinganishwa na vipimo vya maabara, na hapo ndipo inapohitajika hadubini ya infraredi.

Mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, hutikisa atomi zilizoungana ndani ya jiwe, na kila muungano hufyonza mawimbi ya urefu wake na kuacha alama hapo: silikoni na oksijeni karibu na maikromita (sehemu za milioni za mita) 10, kaboneti karibu na 7, maji karibu na 3. Hadubini huuelekeza mwanga huo kwenye chembe moja bila kuisaga wala kuiyeyusha, hivyo chembe ile ile huweza kupimwa tena kwa njia nyingine. Faida hii si ndogo, kwa maana unga laini hutoa alama tofauti na za kijiwe kizima.

Chukua mfano wa Ryugu. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipokuwa kikiikagua asteroidi hiyo, alama ya haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoungana, dalili ya maji) kwenye maikromita 2.72 ilikuwa hafifu, na mtu angeweza kudhani kwamba jiwe lote limekauka. Gramu 5.4 zilizoletwa Desemba 2020 zilipopimwa Sagamihara, Japani, kwa hadubini ya infraredi iitwayo MicrOmega, zikiwa ndani ya naitrojeni na hazijaguswa na hewa yetu, alama hiyo ilijitokeza kwa nguvu zaidi. Kilichokauka ni ngozi ya juu, iliyopigwa na upepo wa Jua (chembe zinazotoka kwenye Jua) na vimondo vidogo mno. Ndani yake madini ya mfinyanzi yalikuwa bado yameishika haidroksili.

Hiyo naitrojeni nayo si pambo. Kimondo cha Orgueil, kilichoanguka Ufaransa mwaka 1864, kimevuta unyevu wa dunia kwa miaka mingi, na si rahisi tena kutenganisha maji yake ya asili na ya kwetu.

Nawaomba basi waandishi wako, watakaporudi kwenye gramu 121.6 za asteroidi Bennu zilizotua Utah Septemba 2023, wasiishie kwenye parachuti. Waulize chembe ilipimwa kwa mawimbi yapi, ilihifadhiwa katika hewa gani, na kama ilipimwa kabla au baada ya kusagwa.

Wako,
Msomaji