Makatekista wetu wako wapi kwenye historia ya parokia?

Mhariri, Tumsifu Yesu Kristo. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni tangu ile jumapili tuliyotangaziwa kwamba kigango chetu, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia nyingine, huku nje kidogo ya Tabora mjini kinapandishwa kuwa parokia. Vigelegele vilipigwa mpaka padre akashindwa kuendelea na matangazo, na mimi nililia kabisa, nimebatizwa hapo hapo enzi kanisa ni la udongo na nyasi juu, misa tunaipata mara moja kwa mwezi padre akija na pikipiki, jumapili zingine zote ni ibada ya katekista, yule mlei anayefundisha dini. Saa hizi misa ni mbili na bado watu wanasalia nje chini ya mwembe, jumuiya ndogo ndogo zimejaa mpaka zingine zimegawanywa.

Sasa kamati imetoa kijitabu cha historia, kizuri tu, karatasi za kung'aa na picha za rangi, lakini mwanzo mpaka mwisho ni mapadre, maaskofu na waliochangia mabati. Katekista aliyetufundisha sisi wote kwa miaka zaidi ya 30, jua la mwezi wa kumi na baiskeli yake, hayumo hata mstari mmoja. Wamama waliobeba mawe ya msingi kichwani nao hawamo. Mzee mwenyewe bado yupo, macho ndo yamemuishia, ila ukimtajia jina lako anakwambia ulibatizwa pasaka ipi na msimamizi wako nani. Nilimpelekea kijitabu akaomba nimsomee, nikasoma chote, akauliza kama kuna karatasi imedondoka. Sikuwa na jibu.

Nisieleweke vibaya, mapadre wanastahili kuandikwa. Wale White Fathers wa kwanza, wamisionari Wakatoliki waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie mwanzilishi wa shirika lao, waliondoka Bagamoyo mwaka 1878 wakaja kwa miguu mpaka hapa Tabora, wengine wakaelekea Uganda na wengine wakashika njia ya Ujiji wakafika Januari 1879, na Padre Pascal alifia njiani hata Tabora yenyewe hakuiona. Hiyo ni sadaka kubwa mno. Lakini mizigo ya misafara kwenye njia ile ilibebwa na nani kama si wapagazi, na kazi hiyo Wanyamwezi ndio waliosifika nayo pwani mpaka ziwani.

Alafu Lavigerie aliweka utaratibu kwamba mtu afundishwe miaka minne ndo abatizwe, na wamisionari wakae watatu watatu nyumba moja. Hebu piga hesabu, mapadre watatu na vijiji vyote vile porini, hiyo miaka minne nani alikuwa anashinda na watu, anawafundisha sala jioni wakitoka shamba? Ni katekista. Tena mfano tunao huku huku magharibi, Adrien Atiman, mtoto wa karibu na Timbuktu, aliibwa akauzwa utumwani, wamisionari wakamkomboa, akasomea udaktari Malta akaja Karema kwenye Ziwa Tanganyika, akatibu na kufundisha dini zaidi ya miaka 60 mpaka alipofariki 1956. Alikuwa mlei, mtu mwenye mke, na mwanaye akawa padre. Jaribu kuandika historia ya Karema bila Atiman uone kama itaandikika.

Kwahiyo naiomba kamati kijitabu kisigawiwe kwanza. Vijana wa VIWAWA, chama chetu cha vijana Wakatoliki, wote wana simu, wakae na wazee wawarekodi, hata wiki mbili zinatosha. Vitabu vya ubatizo viko parokia mama na mle ndani kuna majina ya wasimamizi tangu mwanzo. Kipalapala iko hapa hapa, seminari ya tangu 1925, mafrateri wanaosoma historia ya Kanisa wakiombwa kusaidia kuandika sidhani watakataa. Na lile kanisa la udongo, nasikia linataka kubomolewa ipatikane sehemu ya kupaki magari, jamani liachwe, liezekwe tu upya watoto wa Utoto Mtakatifu, lile shirika la watoto kanisani, wafundishiwe mle.

Sherehe ni baada ya mavuno, muda upo. Wa kuanza naye ni yule mzee, asubuhi ndo anaongea vizuri, jioni anachoka.

Muumini wa kigango,
Tabora