Mhariri, Grace Ogot mmemwacha wapi?

Ndugu Mhariri,

Nawasalimu kutoka Musoma. Ukurasa wenu wa vitabu wa Jumapili iliyopita nimeusoma, ile makala ya waandishi wanawake wa Afrika Mashariki, nimeisoma mpaka chini kabisa nikarudi tena juu nikidhani ni macho yangu, kumbe kweli jina la Grace Ogot hamna. Halafu mwandishi wenu kaandika kabisa kwamba wanawake wa huku kwetu wameanza kuandika riwaya juzijuzi tu. Juzijuzi ipi jamani? Riwaya ya kwanza ya huyu mama, The Promised Land, yaani Nchi ya Ahadi, ilitoka Nairobi mwaka 1966, ndiyo mwaka huohuo Flora Nwapa wa Nigeria naye alitoa ya kwake kule London. Yaani tunaongelea watu wa mwanzo kabisa, mimi mwenyewe hata sijazaliwa.

Sasa mtasema huyo ni wa Kenya. Sawa, kazaliwa Asembo mwaka 1930, kafariki Nairobi 2015, alikuwa mbunge wa Gem na waziri msaidizi, mume wake ndiye yule mwanahistoria Bethwell Ogot, hayo yote ya Kenya. Lakini ziwa ni moja Mhariri. Mimi ni Mjaluo wa Rorya, ukivuka mpaka pale Sirari huko mbele ni wajomba zangu na shangazi zangu, na hiyo Nchi ya Ahadi yenyewe niliyoitaja nusu kubwa ya stori inatokea upande huu wetu, Tanganyika. Kwa hiyo nikisema ni wa kwetu siombi upendeleo.

Nianze na nilivyomjua. Kwetu zamani wasichana walikuwa wanalala kwenye nyumba ya bibi, nyumba hiyo inaitwa siwindhe, na usiku bibi anawapigia sigana, yaani hadithi, mpaka mnasinzia. Mimi nimeiwahi mwishoni mwishoni, tulikuwa wajukuu sita na blanketi mbili. Sigana moja aliyopenda dana, ndiyo bibi yangu, ilikuwa ya mtoto wa chifu aliyepelekwa ziwani aliwe na zimwi ili mvua inyeshe. Dana alikuwa anaimalizia chapchap, zimwi linatoka, mvua inapiga, watu wanalima, haya laleni. Miaka mingi baadaye binamu yangu akaja likizo kutoka Kisumu na kitabu kimechakaa, nikafungua nikakuta sigana ya dana imo mle ndani kwa Kiingereza! Ndiyo The Rain Came, imo kwenye Land Without Thunder, mkusanyiko wa hadithi fupi uliotoka 1968. Nilikasirika kidogo, nikaona kama katuibia. Nilipoisoma mpaka mwisho nikakuta hapana, huyu mama kaingia pale ambapo dana alikuwa anapita mbiombio.

Kwa mfano yule msichana, Oganda. Wazee wanapokaa faragha na baba yake chifu Labong'o, mwenyewe anafikiri wanamtafutia mume, anakaa anawaza atakuwa fulani au fulani, na moyoni anaomba awe Osinda. Wewe msomaji unajua tayari kinachopangwa, yeye hajui, yaani unataka umwite kwa jina umwambie kimbia wewe. Halafu watu wanacheza ngoma na kumpongeza maana eti ni heshima kubwa kufa kwa ajili ya ukoo. Na njiani kuelekea ziwani anakuja mtoto mdogo ana hereni mkononi, anamwambia ukifika kwa wafu mpe dada yangu, alikufa wiki iliyopita akaisahau. Hapo mimi huwa naweka kitabu chini. Dana hakuwa na huyo mtoto. Mtoto hana ubaya wowote, hata hajui anachokisema kinakata vipi, na kwa sentensi mbili tu umeshajua kwamba kijiji kizima kimeshamhesabu Oganda kama marehemu.

Na mwisho sio wa dana pia, Osinda anamfuata mpaka ziwani, anamvisha koti la majani asionekane na macho ya mizimu na lile zimwi, wanakimbia pamoja, na mvua inanyesha vilevile. Sasa tumbishe nani, mganga aliyeota ndoto kwamba lazima Oganda afe ndiyo mvua inyeshe, au mvua yenyewe? Mwandishi hasemi. Nimebishana na mume wangu miaka kumi juu ya hiyo mvua.

Hadithi hiyohiyo aliisoma Makerere mwaka 1962 kwenye ule mkutano mkubwa wa waandishi, na 1963 ikatoka kwenye jarida la Black Orpheus la Nigeria, ikiwa na jina lingine. Lakini kabla ya hapo aliwahi kupeleka kazi zake kwa wachapaji wa serikali ya kikoloni na alikuja kueleza mwenyewe kwenye mahojiano kwamba walimshangaa, mwanamke Mkristo anaandikaje mambo ya kafara na dawa za kienyeji badala ya kuandika habari za wokovu. Mpaka leo wapo watu wa hivyo, hata hapa mjini ukimtaja wanakwambia ah yule wa mambo ya uchawi. Kasomeni kwanza Elizabeth, ni hadithi ya sekretari wa Nairobi anayehamahama ofisi sababu ya mabosi, anafika kwa bosi mmoja anaonekana mtu wa heshima, baba wa familia, na huyo ndiye anayembaka. Uchawi uko wapi pale? Leo tunaita rushwa ya ngono, tunafanya semina na mabango, yeye imo kwenye kitabu chake cha 1968.

Au ile ya manesi, The Old White Witch. Manesi wa hospitali ya misheni wanagoma kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa, wanaona aibu kwa mila zao, na matroni wa Kizungu hataki kusikia. Nilimsimulia mdogo wangu ambaye ni nesi akacheka mpaka akalia, akasema huyu lazima alikuwa nesi. Ndiyo alikuwa! Kasomea Mengo kule Uganda na ukunga Uingereza, kafanya kazi Maseno. Kapita na BBC London akiwa mtangazaji. Kuna wodi kwenye hadithi zake unasikia kabisa harufu ya dawa, wala sio wodi ya kuwazia ukiwa mezani.

Nirudi kwenye Nchi ya Ahadi maana ndiyo hasa iliyonifanya niandike barua. Ochola ameoa juzi tu, mkewe anaitwa Nyapol, ardhi kwao Nyanza inabana, anasikia huku Tanganyika kuna ardhi bwerere na watu wanatajirika. Baba yake anamsihi asiende, Nyapol hataki kwenda ila ndiyo mke afanyeje, wanavuka ziwa. Wanafika, shamba linakubali, ghala linajaa, na jirani mzee, mganga, wivu unamshika. Ochola anaotwa na vitu kama miiba mwili mzima, hospitali daktari wa Kizungu anashindwa, anakuja kuponywa na mganga mwingine na sharti ni warudi kwao mara moja waache kila kitu. Kila kitu Mhariri, mifugo, mazao, nyumba.

Sisi wa huku tuna la kusema juu ya kitabu hiki na ndiyo maana nataka kisomwe huku. Mimi babu yangu mzaa baba alikuja hivyohivyo kutoka upande ule, na yeye hakuotwa na miiba, alipata mbuzi na majirani wakamfundisha kulima muhogo. Kwa hiyo nikikisoma kuna mahali panachoma, naona wenyeji wa huku wamepakwa rangi ya uchawi kama vile mtu akivuka ziwa tu anaingia kuzimu. Nilimnunia Grace Ogot muda mrefu kwa hilo. Lakini nikikirudia naona pia Ochola mwenyewe hakusazwa, tamaa yake imewekwa wazi kabisa, hasikii la mkubwa wala la mke, na mwenye akili kwenye nyumba ile tangu ukurasa wa mwanzo ni Nyapol ambaye haulizwi. Mwanamke anayefunga mizigo kwenda asikotaka, anaipenda ile sehemu baada ya kuitolea jasho, halafu anafungishwa mizigo tena kurudi. Nimewaona wengi hao, hata stendi ya Musoma ukikaa saa moja utawaona.

Sasa mabishano kama hayo nifanye na nani? Wenye shamba wenyewe wa Rorya na Tarime na Butiama ambao stori inawagusa hawawezi kukisoma, kiko Kiingereza. Grace Ogot lugha aliifikiria sana, miaka ya 80 alirudi akaandika kwa Kijaluo, akatoa Ber Wat na Simbi Nyaima na hasa Miaha ya mwaka 1983, ya yule bibi harusi aliyekuta jembe linalima lenyewe, ukiligusisha ardhini tu unaenda zako kulala, yeye akaamua kulima kwa mikono yake na ndiyo tangu hapo binadamu wote tunatoka jasho. Mama yangu mzazi darasa la nne nilimsomea akasema huyo bibi harusi angempata angemchapa. Kiingereza anacho, Kijaluo anacho. Kiswahili ambacho ndicho lugha ya soko zima kuzunguka ziwa hili, dukani nimeulizia Musoma, Mwanza, nikapitia Dar nilipokwenda msibani, nilipotaja Nchi ya Ahadi muuzaji mmoja akaniuliza ni kitabu cha dini.

Ombi langu ni hili. Zamani magazeti yetu yalikuwa na hadithi za mfululizo, watu wanagombania ukurasa wa katikati, baba alikuwa anamalizia yeye kwanza halafu ndiyo tunapewa. Nyinyi bado mna ukurasa Jumapili ambao wiki nyingine mnajaza picha za harusi. Ombeni ruhusa kwa familia na wachapaji, tafuteni mtafsiri anayekijua Kijaluo pia, maana yale majina na zile nyimbo ukizipitisha Kiingereza tu zinakufa, mumlipe vizuri, muanze na The Rain Came, inatosha Jumapili nne. Ruhusa nasisitiza, mimi nina steshenari na nimeombwa mara nyingi nitoe fotokopi ya kopi yangu nimekataa, ingawa pesa ya luku ilikuwa imeisha siku hiyo.

Na msiniambie watu hawasomi. Mwezi wa saba nilikuwa mwaloni nanunua dagaa, mvua ikatuzuia chini ya bati, nikawapigia akina mama stori ya Tekayo, nayo ni ya Grace Ogot, yule mzee mchungaji aliyeonja ini moja lililoangushwa na ndege, likawa tamu kuliko kitu chochote alichowahi kula, akaanza kuchinja kila mnyama akiitafuta ile ladha haioni, mpaka siku anabaki nyumbani na wajukuu. Nilipofika hapo nikanyamaza. Mama mmoja akasema usituambie. Mwingine akasema aseme! Mvua ilishakatika, dagaa hazijaanikwa, hakuna aliyenyanyuka. Waliponiuliza imeandikwa wapi wakasome wenyewe ndipo sikuwa na la kuwajibu.

Mkikubali niandikieni, nitawaletea kopi yangu ofisini nikija. Ina kurasa mbili zimechomoka na moja ina alama ya kikombe cha chai, lakini Oganda yupo wote.

Msomaji wenu,
Musoma