Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo: Dirisha la jiko libaki wazi hadi saa mbili usiku

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Kwa heshima zote, sisi makocha na walezi wa timu tumechoka kusubiri. Jumanne iliyopita mchezaji wa netiboli alianguka uwanjani kwa kizunguzungu. Wapo waliosema malaria. Kipimo kikaonesha hana. Siku nzima alikuwa na chai ya rangi, maandazi mawili, na ugali na upawa mmoja wa maharage. Tunaamini ilikuwa njaa.

Mazoezi yanaisha saa kumi na mbili na nusu jioni, jiko linafungwa saa kumi na mbili. Muhula uliopita uliahidi kikaoni kwamba ratiba itabadilika. Timu zimerudi kambini, ratiba ni ileile.

Mchezaji wa kilo 60 anahitaji protini gramu 72 hadi 120 kwa siku. Kwa hesabu yetu, menyu ya chuo haifiki 60, tena kwa aliyewahi foleni na kumaliza sahani zote. Anayetoka uwanjani usiku hukuta ukoko na mchuzi usio na maharage, akalala na soda na biskuti, wakati dakika 120 za mwanzo baada ya mazoezi ndizo mwili hurudisha nguvu kwa kasi zaidi.

Tuko Kigoma, Ndugu Mkuu! Dagaa wanaanikwa Kibirizi hapo. Gramu 50 za dagaa wakavu zina protini gramu 25 hadi 30, na madini chuma juu yake. Jikoni wanasema wana mchanga. Basi wanunuliwe wa chanja, si wa kuanikwa chini. Waloekwe maji ya vuguvugu dakika kumi, kisha waopolewe kwa mkono. Ukimwaga maji, mchanga uliotuama unawarudia. Vitunguu, nyanya, mawese kidogo, wameiva. Siku za mbalamwezi wanapoadimika, ziongezwe karanga.

Chai nayo isinywewe pamoja na maharage, inazuia mwili kufyonza madini chuma, na wasichana ndio wanaoumia zaidi. Ndimu au chungwa ndivyo vikae mezani.

Dagaa wanaweza kusubiri bajeti. Dirisha haliwezi. Tunaomba libaki wazi hadi saa mbili usiku, kuanzia Jumatatu, na sahani za wachezaji ziwekwe pembeni zikiwa zimefunikwa.

Wako katika michezo,
Makocha na walezi wa timu, Kigoma