Barua kwa mwanangu: usisafiri usiku na gari hilo

Mwanangu mpendwa,

Mdogo wako ameniambia gari limezima tena, na bado una nia ya kusafiri nalo Ijumaa, tena uondoke jioni ili ukwepe jua. Safari siikatai, nakataa giza. Gari likizima mchana unaonekana. Likizima usiku na taa zikafa pamoja nalo, lori linalokuja nyuma litajuaje kuwa upo hapo?

Unasema fundi ameweka betri mpya, na siku ya tatu likarudia yaleyale. Basi ugonjwa haukuwa betri. Tatizo linalokuja na kuondoka mara nyingi ni waya uliolegea, kutu, au kifaa kinachochoka kikipata joto. Kabla hujanunua kitu kingine chukua daftari, maana wewe tangu zamani ni hodari wa kuandika kila kitu, hata makosa yangu. Andika: lilizima likiwa la moto au la baridi? Kwenye mashimo? Baada ya mvua? Kama kila kitu kilikufa kwa mpigo, saa na redio pia, anzia kwenye vichwa vya betri, waya mkuu na swichi ya ufunguo. Kama taa zilibaki zinawaka, injini ikakata peke yake, kisha ikakubali kuwaka ilipopoa, mwambie fundi aangalie sensa ya kranki, ile inayohisi injini inavyozunguka, na relei ya pampu ya mafuta, yaani swichi ya umeme inayoiwasha pampu.

Mimi nashuku eathi. Umeme ukitoka kwenye betri sharti urudi, na njia yake ya kurudi ni bodi ya gari pamoja na zile nyaya nene zinazounganisha bodi, injini na upande wa hasi. Kwa umri wa gari lile, bolti zinaonekana zimekaza kumbe chini yake ni kutu tupu. Ukiona unawasha indiketa na taa nyingine zinapepesa nayo, hapo pana neno. Weka mita ya umeme kwenye volti za DC (umeme wa betri), ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (si kwenye kibano chake), nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu mtu apige stata. Ikipita volti 0.3, fungua waya huo wa eathi, piga msasa mpaka chuma king'ae, ukaze upya. Unapofungua betri anza na hasi, unaporudisha hasi iwe ya mwisho. Na uvue bangili.

Betri iliyolala usiku kucha ikiwa imejaa husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, itegemee kati ya 13.5 na 14.5; ikibaki kwenye 12, alteneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, haichaji betri, na usiku taa zitakuishia njiani. Unaona kwa nini nasema usiku?

Kisha, injini ikiunguruma, tingisha nyaya fungu kwa fungu, taratibu, mikono mbali na feni na mikanda. Pale injini itakaposhtuka, umefika. Na punguza lile shada la funguo. Uzito ule unachosha swichi, nimesema mara ngapi.

Chini ya usukani utakuta waya mwekundu umesokotwa na mwenzake na kuviringishwa utepe mweusi. Huo hakuuweka fundi. Redio ilikuwa imekataa, mama yako alitaka taarifa ya habari, nikasema nitaurudia vizuri wikendi. Joto huyeyusha gundi ya utepe ule. Angalia pia kwenye sanduku la fyuzi, kuna ya ampea 30 imekaa mahali pa 15. Rudisha ya 15. Ikikatika, ina sababu. Ukiweka kubwa, kitakachoungua ni waya. Siku ile nilipokukaripia kwamba hulitunzi gari, sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko kosa lako.

Najua mikono yako ni mizuri kuliko yangu. Ulipokarabati pampu ya maji nilijifanya sikuona, lakini niliona. Sasa imeanza tena kupiga kelele, na kitasa cha mlango wa nyuma kinafungwa kwa kamba. Mama yako anauliza blanketi la kijivu. Mimi nimemwambia sijui, ingawa nilikuona ukilipakia.

Mita nimeifunga kwenye kitambaa, mdogo wako atakuletea Jumatano. Usipopata kosa kufikia Alhamisi, panda basi. Ukilipata, ondoka alfajiri, si jioni. Na uniandikie mita ilisoma ngapi. Usiniandikie "iko sawa", niandikie namba.

Baba yako