Treni ya Skagway si ya kila mtu, na ada yetu si ya bure

Msimu wa meli za kitalii za Alaska ukiisha na wazazi wakirudi nyumbani, lalamiko huwa ni lile lile. Safari hii limekuja kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, mrefu kama mahubiri, kutoka kwa mzee mmoja wa Milimani ambaye tumemkatia tiketi tangu enzi za tiketi za karatasi. Kwa ufupi: yeye na mkewe walilipa zaidi ya dola mia moja kila mmoja, wakapanda treni ya White Pass pale Skagway, mji wa Alaska, treni ikapanda mlima, ikageuza, ikawarudisha palepale ilipowachukua. Kisha akapigilia msumari wa mwisho: "Na hicho kilele chenu nimekiangalia kwa simu. Kisumu iko juu kuliko hapo!"

Ni kweli, mzee. Kilele cha White Pass hakifiki mita 900 kutoka usawa wa bahari. Kisumu hapa, tunapojiona tuko chini kabisa kando ya ziwa, tumepita mita 1,100, na Nakuru iko juu mara mbili ya kilele hicho. Ila Skagway ni bandari. Treni inaanzia maji ya bahari yalipoishia, na mwinuko huo wote inaumaliza kwa kilomita 32 hivi. Kuna sehemu reli inapanda karibu mita nne kwa kila mita mia. Hicho ndicho kinachouzwa pale, ule ukali wa mlima na namna walivyoutoboa. Mtu akitaka kwenda juu sana, nauli ya matatu hadi Timboroa inatosha.

Kwa mgeni wetu: sisi ni wakala mdogo wa safari, tuko Oginga Odinga Street. Kazi ya Alaska hatukuitafuta, ilitujia. Vijana wetu walioko Seattle, Minnesota na Dallas huwalipia wazazi meli ya wiki moja. Chumba cha meli wanakilipia wao huko huko, halafu viza, ndege na ziara za bandarini wanatuachia sisi, kwa sababu mzazi yuko hapa na anaweza kuja ofisini, akakaa kitini, akaelezwa mpaka aelewe. Kati ya ziara zote hakuna inayoulizwa kama treni hii, na hakuna inayotuletea maneno kama hii.

Basi tuseme mnalipia nini. Mwaka 1896 dhahabu ilipatikana Klondike, upande wa Yukon nchini Kanada, na watu wakamiminika kwa maelfu. Skagway ikawa mlango. Kutoka hapo ilibidi uvuke milima kwa miguu au kwa farasi, na farasi kama 3,000 walikufa katika njia ya White Pass. Bonde lenyewe mpaka leo linaitwa Dead Horse Gulch, na treni inapita juu yake. Ujenzi wa reli ulianza 1898, mwaka uleule simba wa Tsavo walipokuwa wakiwala wajenzi wa reli yetu. Wao walikutanisha vyuma Carcross, upande wa Kanada, mwezi Julai 1900, sisi tukafika ziwani hapa Desemba 1901. Reli yao ni nyembamba kuliko hata ile yetu ya zamani ya mita moja: milimita 914 tu kati ya chuma na chuma. Dhahabu yenyewe iliwahi kupungua kabla reli haijakwisha, treni ikabaki kubeba madini mengine na mizigo hadi 1982 ilipofungwa, kisha 1988 ikafufuliwa kwa ajili ya watalii.

Ziara ya kawaida ni kupanda hadi kileleni na kurudi, saa mbili na nusu hadi tatu. Hakuna kushuka njiani wala stesheni ya kununua mahindi. Hili tunalisema ofisini, tunaliandika kwenye karatasi tunayompa mteja, na bado kuna watu wanaotupigia baadaye wakilalamika kwamba hawakushushwa. Jamani.

Wale wanaoifurahia tunawajua hata kabla hawajaondoka. Mwalimu mmoja mstaafu wa historia kutoka Maseno alirudi na picha za lile daraja la chuma la 1901 ambalo halitumiki tena tangu 1969, walipochimba handaki jipya na kujenga daraja jingine kando yake. Mwalimu yule karibu safari nzima hakukaa. Mabehewa yale yana kibaraza kidogo huku na huku, wazi, na abiria anaruhusiwa kusimama hapo akishika chuma. Alitusimulia jinsi njia ya zamani ya wachimba dhahabu inavyoonekana bado, mstari mwembamba uliochorwa kwenye mawe huko chini, na jinsi alivyojikuta anawafikiria vibarua wa Kihindi waliovuka Mau; aliyataja madaraja ya Fort Ternan na Londiani moja baada ya jingine kama anaita rejista. Kwa mtu kama huyo dola zile ni haba.

Kinyume chake, mama na baba wa Kakamega, wafanyabiashara wa hardwea, watu wa mikono isiyotulia. Binti yao alishalipa treni kabla hawajafika kwetu. Tukamwambia binti kwa simu: hawa wapeleke Juneau, bandari nyingine ya Alaska, wakaone barafuto (mto wa barafu) ya Mendenhall, au waache Skagway watembee mjini wenyewe. Akasema hapana, treni ndiyo kila mtu anaisifu. Mzee alilala kuanzia maporomoko ya Bridal Veil mpaka bandarini. Mama akatuambia, bila kinyongo, kwamba ameona mawe mengi sana.

Tukishamwona mtu wa namna hiyo, tunamkataza. Komisheni inapotea, lakini afadhali ipotee. Anayetaka barafu ya kuigusa hapati kwa treni hii. Mwenye mtoto mdogo asiyekaa kitako ataijutia. Na ambaye meli yake inasimama Skagway saa chache tu atamaliza muda wote kwenye behewa, asione mji, ilhali mji wenyewe ni bure. Makumbusho ya hifadhi ya kihistoria ya Klondike yako ndani ya stesheni ya zamani ya reli, huingii kwa pesa, na maafisa wake wanaeleza vizuri kuliko spika ya behewa. Mtaa wa Broadway unaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa.

Mwenye magoti mabovu au mpenda picha, huyo tunampa gari dogo linalopanda Klondike Highway upande wa pili wa bonde. Ni nafuu kidogo, linasimama upige picha, na treni yenyewe unaiona ikitambaa ng'ambo. Ila forodha ya Marekani iko chini ya kilele, kwa hiyo ukirudi utapita mbele ya afisa. Pasipoti na viza viwe mfukoni, visiachwe kwenye kasiki ya chumba cha meli.

Na hapa ndipo penye ile njia ya mkato inayowagharimu watu wetu kuliko bei ya treni mara kadhaa. Sikilizeni vizuri, hasa ninyi watoto mnaotuma pesa.

Treni za Skagway si moja. Ipo ile ya kileleni na kurudi, ambayo abiria hashuki na pasipoti haiulizwi. Zipo nyingine zinazovuka mpaka kabisa na kuingia Kanada, hadi Fraser au hadi Carcross, mara nyingi zikiunganishwa na basi: unakwenda kwa basi unarudi kwa treni, au kinyume chake. Hizo ni nzuri, tena unaona mengi zaidi. Lakini ukivuka mpaka huo umeingia Kanada kwa barabara au reli, na mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Kanada. Viza, siyo kile kibali cha mtandaoni.

Tangu Juni 2023 raia wa nchi kadhaa mwenye viza halali ya Marekani ya matembezi, au aliyewahi kuwa na viza ya Kanada katika miaka kumi iliyopita, anaweza kuomba kibali cha mtandaoni kinachoitwa eTA kwa dola 7 za Kanada. Viza ya kawaida ni dola 100, na alama za vidole dola 85 juu yake, pamoja na nauli ya Nairobi. Nani hatashawishika na dola saba? Tatizo ni kwamba Kenya haimo katika nchi hizo, na hata kwa zilizomo kibali hicho ni cha anayeingia Kanada kwa ndege tu. Kwa meli hakifai, kwa basi hakifai, kwa treni hakifai.

Dada wawili wa Bungoma walitupa kazi ya ndege peke yake, wakasema mengine binamu yao atayamaliza. Meli yao ilikuwa ndogo, ya bendera ya Marekani, inaanzia na kuishia Alaska bila kugusa Kanada. Viza ya Kanada hawakuiomba, wakatua Juneau kwa ndege bila shida, wakapanda meli bila shida, na binamu akawakatia ziara ya basi na treni hadi Fraser kwa sababu "bei inakaribiana na ina mambo mengi." Asubuhi ya Skagway, pasipoti zikaangaliwa kabla ya basi kuondoka. Viza ya Kanada iko wapi? Hakuna. Wakaachwa, na pesa hazikurudishwa kwa kuwa hati ni jukumu la abiria. Wakakimbilia treni ya kileleni, wakakuta imejaa. Walitupigia kutoka bandarini. Huku Kisumu ilikuwa usiku, na hapakuwa na la kufanya isipokuwa kuwaelekeza makumbusho.

Nao walikuwa na bahati. Meli nyingi za kwenda na kurudi Seattle hupitia Victoria, Kanada, kwa sababu sheria ya Marekani ya 1886 hairuhusu meli ya bendera ya kigeni kubeba abiria kutoka bandari ya Marekani na kuwarudisha Marekani bila kugusa nchi nyingine. Chukua Mkenya asiye na viza ya Kanada. Huyo hata kwenye meli asitarajie kupanda. Wiki nzima iliyolipiwa inabaki gatini Seattle, kisa cha kuokoa dola mia na kitu. Na viza ya Marekani yenyewe iwe ya kuingia mara nyingi, maana ukishagusa Kanada umetoka Marekani.

Kwa hiyo mtu anapotuuliza kwa nini tunatoza shilingi 4,000 kwa kila tiketi ya treni ambayo "ningejinunulia mwenyewe kwa simu," jibu ni kwamba ungeweza. Wengi wanajinunulia na wanarudi salama. Sisi tunatoza kwa kuitazama viza yako ukurasa kwa ukurasa, kulinganisha saa za meli na saa za treni, na kuamua kama ununue kupitia meli au moja kwa moja kwa kampuni ya reli. Kupitia meli kwa kawaida ni ghali zaidi, lakini ziara ya meli ikichelewa, meli inangoja. Ukijinunulia nje ukachelewa, meli inang'oa nanga na wewe unajitafutia njia ya kuifuata bandari inayofuata. Meli ikikaa kutwa tunanunua nje, ikikaa nusu siku tunanunua ndani, na hatubishani na mtoto wa mtu aliye Dallas kuhusu tofauti ya dola ishirini.

Tunakuandikia pia karatasi moja, kwa Kiswahili au Dholuo, yenye saa kwa hesabu yetu. Tiketi ikisema 8:00, karatasi inasema saa mbili asubuhi, na inakukumbusha kwamba Alaska iko nyuma ya Seattle kwa saa moja. Inakwambia ukae upande wa kushoto wakati wa kupanda, kwa kuwa kulia utaangalia ukuta wa mwamba. Waliochelewa wakakosa kushoto wasigombane na mtu. Kileleni kichwa cha treni kinafunguliwa, kinapita reli ya pembeni na kufungwa upande wa pili, na abiria wote husimama, wakasukuma migongo ya viti igeukie kule wanakokwenda, kisha wa kulia na wa kushoto wakabadilishana. Mama mmoja wa Ahero alidhani ananyang'anywa kiti chake, akakataa katakata kuhama, mpaka mumewe akachomoa karatasi yetu mfukoni na kumsomea.

Kuhusu baridi, beba sweta nzito hata kama ni Juni. Huko juu theluji ya Mei na Juni si ajabu, na ukungu ukishuka hutaona kitu. Ukungu hatuurudishii pesa. Wala kampuni ya reli hairudishi.

Kuna wanaotuambia, kama ni treni tu si tupande ya hapa nyumbani. Tungependa sana kuwauzia. Lakini treni ya abiria ya Kisumu iliporudi Desemba 2021 ilipangiwa kusafiri usiku, ukavuka Mau na madaraja yake yote gizani, kitambaa cha dirisha kikiwa ndicho mandhari. Siku ikipangwa mchana tutakuwa wa kwanza kubandika tangazo mlangoni.

Wenye meli za Mei na Juni mwakani, treni za asubuhi ndizo hujaa kwanza. Leteni jina la meli, orodha ya bandari na saa zake, na picha za kurasa zote zenye viza, hata zilizokwisha muda. Jumamosi tunafunga saa saba mchana. Na watoto wa ng'ambo mkitutumia bei mliyoiona kwenye mtandao mkiuliza kwa nini yetu iko juu, tumeni na jina kamili la ziara pamoja na mahali treni inapogeuzia. Tukishajua kama ni kileleni au Fraser, ndipo tutazungumza bei.