Kwa watoto wa Tanga mlio mbali: pigeni simu siku isiyo na jambo

Wanangu na wajukuu zangu mliozaliwa Tanga mkaenda kutafuta maisha kwingine,

Assalaam aleikum, na kwa msio Waislamu, hamjambo? Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitamka, marahaba. Zamani barua ilianza hivi: "Mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Najua mtacheka, lakini sijaona maneno yanayofaa kuliko hayo. Mimi sijambo, ukiacha magoti. Hofu ni kwenu.

Madhumuni ya barua hii ni simu.

Hapa Ngamiani, baada ya Alasiri, tunakaa barazani wazee watatu wanne, wengine tunachambua mchele, wengine tunachambua watu. Yupo mwenzetu mmoja ambaye mwanawe anaishi Mwanza. Simu ikilia akaona jina la mwanawe, hata kabla hajapokea utamsikia, "Inna lillahi." Sote kimya. Kisha: "Marahaba baba... eeh... kiasi gani?... haya, Mungu akuzidishie." Hapo ndipo pumzi zinaturudia. Kumbe kijana katuma hela tu. Wala si mtoto mbaya, tena anatuma na ya kutolea, jambo ambalo wengi wenu linawashinda. Ila amemzoesha mamake kwamba simu yake ina mambo mawili, pesa au msiba. Mama wa watu hajui kuliona jina la mwanawe kwenye kioo akafurahi moja kwa moja.

Ninachoomba ni kidogo. Chagueni siku moja ya wiki na saa yake, mpige simu bila jambo lolote. Siku ileile, saa ileile. Kwangu mimi ni Ijumaa baada ya Isha. Mamako pengine ni Jumapili akitoka kanisani. Kama una dakika tano, zinatosha. Msiniahidi simu za kila siku, najua mtachoka wiki ya pili. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali aipendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo. Majirani zangu Wakatoliki nao ndivyo wanavyofanya: jumuiya yao inasali wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, na akiwepo mgonjwa anajulikana siku hiyohiyo.

Siku ikijulikana, mzee anajiandaa. Simu ya kushtukiza inatukuta tunageuza samaki kwenye mafuta, tunajibu "wazima, wazima" na kukata. Lakini ukijua mwanao anapiga Ijumaa, tangu Jumatano unaweka maneno akiba: mwembe wa jirani umeangukia ukuta, nazi zimepanda bei, fulani ameposwa na yule tuliyemdhania ana mke.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi mnapopitwa. Adabu yetu ya salamu inaficha mambo. Hujambo? Sijambo. Habari za afya? Njema, alhamdulillah. Watoto? Wazima wote. Mwenye mguu uliovimba anajibu sijambo, na mwenye paa linalovuja anajibu njema, kwa sababu hakuna aliyelelewa kwetu anayeanza salamu kwa shida. Mkishajuliana hali mkakata simu, hamjasikia kitu. Habari yenyewe inakuja baadaye, mkishamaliza mwembe na nazi, ndipo mzee anasema, "Ila huu mguu..." Hapo nyamaza usikilize. Usikimbilie kumwambia aende hospitali, ameshawaza hilo kabla yako. Mwache kwanza aseme umeanza lini.

Na ulizeni dawa. Sisi wa presha na sukari tuna tabia yetu, mjue. Vidonge vikikaribia kwisha na hela haijapatikana, mtu anameza leo, kesho anaruka, ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Daktari amesema kila siku, na sisi tunajua amesema kila siku. Hatutawaambia. Kwa hiyo usiulize, "Mama, unameza dawa?" maana jibu lake ni ndiyo. Sema, "Mama, hebu lete kile kifuko tuhesabu vilivyobaki." Atanung'unika kwamba unamfanya mtoto mdogo. Hesabuni tu.

Mtasema hela mnatuma. Mnatuma, na Mungu awalipe. Lakini kabla ya M-Pesa kuingia nchini mwaka 2008, hela ilikuja ndani ya bahasha, na bahasha ilikuja na mtu, jirani aliyetoka Dar au konda wa basi. Huyo mtu hakuondoka hivihivi. Alikalishwa, akapewa chai na kitumbua, akaulizwa maswali kama yuko polisi. Umemkuta wapi? Amekonda? Anakaa na nani? Kile kikohozi kimeisha? Leo hela inafika peke yake, na anayenijulia hali ni kampuni ya simu: umepokea kiasi fulani, salio lako jipya ni kiasi fulani. Siitukani simu, maana imewaokoa wagonjwa wengi usiku wa manane. Nasema tu, ukishatuma, piga.

Mkitaka mfano wa mtu wa kwetu, mchukueni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909. Wengi wenu mlikaririshwa mashairi yake shuleni. Mimi namvulia kofia kwa barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, tangu mwaka 1931 hadi 1958, ambazo zimechapishwa na mtu anaweza kuzisoma. Alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoloni, kazi ikampeleka Pangani, ikampeleka hadi Mpwapwa, na barua za siku zile zilikwenda kwa mwendo wa posta. Miaka 27 hakumwacha ndugu yake bila neno. Ninyi simu iko mfukoni, mmekwama kwenye foleni ya Kimara saa nzima, halafu mnaniambia, bibi sina muda.

Kundi la ukoo la WhatsApp nalo lina faida yake, michango ya harusi na ya msiba inakusanyika upesi. Ila ile picha ya maua yenye "Ijumaa Karim" naipokea hiyohiyo kutoka kwa wajukuu wote, sijui hata nani kaamka vizuri. Nitumieni sauti zenu, hata kama ni kumlalamikia mwenye nyumba. Macho yangu hayasomi tena herufi ndogo. (Barua hii nasema mimi, anaandika binti wa jirani, na ananirekebisha bila kuniuliza.)

Wajukuu msiniwekee kwenye simu dakika ya mwisho, "haya msalimie bibi," mtoto anasema shikamoo anakimbia. Mpe simu, kisha toka chumbani. Sisi na wajukuu tuna utani wetu: wa kiume ni mume wangu, wa kike ni mke mwenzangu kwa babu yake. Juzi namuuliza mmoja wa Dodoma, "Mume wangu, mbona hujaleta hela ya mboga?" Nikamsikia anaita, "Mama, bibi anasema mimi ni mume wake!" kwa hofu ya kweli. Mtoto hajui. Utani haufundishwi kwa siku mbili za Idi, unataka mtoto asikie sauti yangu mara nyingi hadi naye anitukane bila woga.

Na hizo siku mbili zenyewe! Mji wetu unaitwa waja leo waondoka leo. Lilikuwa neno la kuwatania wageni, sasa linawahusu ninyi. Mnatoka Mbezi alfajiri, mnashuka Kange, mnakula pilau, mnapiga picha, na begi halijafunguliwa. Mkija, ingieni jikoni. Mwambie mamako akuonyeshe anavyosonga bada na mchuzi wake wa papa, hata kama unajua. Na mkirudi huko, tukiwatumia mzigo kwenye basi, machungwa ya Muheza au nazi chache, msiseme "usijisumbue." Pokeeni, muulizie mzigo stendi, kisha mpige kusema machungwa matamu. Mzee anayepokea tu bila kutoa anaanza kujiona mzigo yeye mwenyewe.

Ndugu kwa ndugu nanyi msisubiri sisi tuwaunganishe. Asiyekuwepo na lake halipo, nanyi mtakuja kugawana mambo mengi tukishazikwa.

Limebaki la mwisho, nalo ni la baadhi yenu, mnajijua. Yupo ambaye haongei na babake kwa ajili ya kiwanja. Mwanangu, usianze na kiwanja. Ijumaa hii mtumie neno moja tu, shikamoo baba. Asipojibu, Ijumaa ijayo tena, saa ileile. Siku atakayosema marahaba, usiongeze kitu, mwache mpaka wiki inayofuata ndipo umuulize habari za mguu wake. Kiwanja kina wazee wake, tutakikalia kikao mkishaweza kukaa mkeka mmoja. Ukiona unashindwa kuanza, nipigie mimi kwanza, lakini isiwe saa ya kugeuza samaki.

Wasalaam,
Bibi yenu,
Ngamiani, Tanga